Baba yuko makazi ya wazee: janga likirudi, ndugu tuzuiwe getini?

Swali: Shikamoo Mama. Mimi ni mkazi wa Mbagala, na baba yangu mwenye umri wa miaka 81 anaishi katika makazi ya wazee Kigamboni tangu alipopata kiharusi na kuanza kusahau. Mwaka 2020, wakati wa korona, shangazi yangu alikuwa katika makazi mengine hapa jijini, na tulizuiwa kumwona kuanzia Machi hadi Julai. Tuliporuhusiwa hakututambua tena, na alifariki kabla mwaka haujaisha. Sasa uongozi wa makazi ya baba unaandaa utaratibu wa maandishi wa kufuata iwapo litatokea janga jingine, na rasimu inasema ndugu wote watasimamishwa “hadi hapo itakapotangazwa”. Kaka zangu wanasema tukubali, maana ni kwa usalama wa wazee. Mimi nimechaguliwa kuwasemea ndugu kwenye kikao. Je, ni sahihi kitaalamu kuwafungia wazee namna hiyo? Na kama si sahihi, tuombe nini hasa?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa shangazi yako, ambao naona bado haujakuacha. Naanza na jibu lenyewe ili usilitafute: kuwazuia wageni wakati wa janga ni sahihi, lakini kumhesabu mtoto anayemlisha baba yake kuwa mmoja wa wageni hao si sahihi. Rasimu mliyoletewa imewaweka wote katika fungu moja, na kazi yako kikaoni ni kuomba fungu hilo ligawanywe.

Hata hivyo, kabla ya kuomba chochote, elewa kwa nini mkuu wa makazi anaogopa, kwa sababu anachokiogopa ni cha kweli. Mwishoni mwa Februari 2020, katika mji wa Kirkland, jimbo la Washington nchini Marekani, korona iligunduliwa ndani ya nyumba moja ya kuuguzia wazee. Kufikia tarehe 18 Machi, watu 167 waliohusiana na nyumba hiyo walikuwa wamethibitika kuambukizwa: wakazi 101, watumishi wa afya 50 na wageni 16. Katika wakazi hao, takriban mmoja kati ya kila watatu alifariki. Nyumba nyingine ya eneo hilohilo ilipowapima wazee wake 76, 48 walikutwa na maambukizi, na zaidi ya nusu ya hao 48 hawakuwa na dalili yoyote siku waliyopimwa. Mtu aliyezisoma habari hizo akiwa na wazee mikononi mwake, halafu akafunga geti, hakufanya hivyo kwa ukatili. Uingie kikaoni ukilijua hilo, na ikiwezekana uliseme mwanzoni kabisa.

Sasa rudi kwenye hesabu hizo uzitazame tena, kwa sababu zina jambo ambalo rasimu haikulizingatia. Wahudumu walioambukizwa walikuwa mara tatu ya wageni. Wachunguzi waliofuatilia mlipuko huo walieleza kwamba watumishi waliofika kazini wakiwa na dalili, na wengine waliofanya kazi katika nyumba zaidi ya moja, walichangia kuusambaza ugonjwa. Hakuna makazi ya wazee duniani yanayoweza kuwazuia wahudumu wake. Anayemwogesha baba yako anarudi kwake jioni, anapanda daladala kama unayopanda wewe, ana watoto shuleni kama wa kwako, na kesho yake alfajiri anaingia getini. Kitambulisho alichovaa shingoni hakimkingi na chochote. Kinachopunguza hatari yake ni mafunzo aliyopewa, barakoa anayovaa vizuri, mikono anayonawa, na uamuzi wa kubaki nyumbani siku anayojisikia vibaya. Na hayo yote manne yanaweza kutimizwa na binti wa mzee akielekezwa na kusimamiwa. Kwa hiyo swali la kikao lisiwe kama ndugu aingie au asiingie, bali ni ndugu gani aingie, na kwa masharti gani yanayolingana na ya mhudumu.

Hapo utajibiwa kwamba wageni watapimwa joto getini na hiyo itatosha. Haitoshi, kwa sababu niliyoitaja ya watu wasio na dalili, na kwa sababu nyingine inayomhusu mzee mwenyewe. Mwili wa mtu wa miaka 80 mara nyingi hautoi homa kama wa kijana. Maambukizi makali ndani yake yanaweza kuonekana kwa kuchanganyikiwa ghafla, kuanguka, kulala mchana kutwa, au kusukuma sahani ya chakula alichokuwa akikipenda jana. Kipimajoto hakiyaoni hayo. Anayeyaona ni yule anayemjua mzee siku zake za kawaida, na mara nyingi huyo ni mwanawe.

Nitakueleza niliyoyaona kwa macho yangu nikiwa muuguzi wa zamu, bila kutaja mahali. Ulikuwa wakati wa kipindupindu, na wodi yetu ilikuwa imefungwa kwa ndugu. Tulikuwa na bibi mmoja mzaliwa wa Newala, aliyeishi Dar es Salaam zaidi ya miaka 40 na aliyezungumza Kiswahili kama sisi sote mpaka ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita dimenshia, ulipomnyang'anya Kiswahili na kumwachia Kimakonde peke yake. Hakuna aliyekielewa kati yetu. Kila tulipomletea chakula alirudia maneno yaleyale, akigeuzia uso ukutani, nasi tuliandika kwenye faili “amekataa chakula”. Tuliandika hivyo siku tisa. Siku ya kumi mjukuu wake aliruhusiwa kumwona kwa dakika chache, akainama, akasikiliza, kisha akatugeukia na kusema, “Bibi anasema ndani ya mdomo kunamchoma.” Tuliwasha tochi, tukafunua mdomo, na chini ya meno ya bandia kulikuwa na kidonda kwenye fizi, kipana kama punje ya maharage. Tulimvua meno yale, tukampaka dawa, tukamnywesha uji wa ulezi uliopoa, na jioni ileile alimaliza kikombe. Tulikuwa wauguzi wenye vyeti, tulikuwa watu wema, na tulimwacha bibi wa watu na njaa siku tisa kwa kuwa tulimwondoa mtu mmoja tu aliyejua lugha yake.

Ndiyo maana sikubali ndugu aitwe mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na wewe unayevuka kila Jumamosi kwenda kumkata baba kucha, kumnyoa ndevu, kumgeuza ubavu na kuhakikisha amekunywa maji, jembe ulishakabidhiwa zamani. Makazi mengi yana wahudumu wachache kuliko kazi iliyopo, na kazi inayofanywa na ndugu haibaki bila mtendaji kwa miezi minne pasipo kuacha alama. Mzee asiyegeuzwa hupata vidonda vya kulalia. Asiyehimizwa kunywa hukaukiwa, na akikaukiwa huchanganyikiwa. Asiyetembezwa wiki kadhaa anaweza asisimame tena. Juu ya hayo uko upweke, ambao kwa mtu mwenye dimenshia hauishii kwenye huzuni, maana sura asiyoiona hufutika. Siwezi kusema shangazi yako alikufa kwa kutengwa, sikumpima. Lakini kutowatambua baada ya miezi hiyo si jambo la kushangaza kwa mtu wa kazi yangu.

Nchi zilizofunga kwa ukali zaidi zililiona hilo na kubadilika. Uholanzi ilipiga marufuku kutembelea nyumba za wazee tarehe 20 Machi 2020, na kufikia tarehe 11 Mei ilianza kufungua kwa majaribio katika nyumba 26, kila mkazi akiruhusiwa mtu mmoja wa kudumu chini ya masharti ya usafi. Watafiti walizifuatilia nyumba hizo, na katika wiki tatu za kwanza hakukuripotiwa maambukizi mapya yaliyotokana na ufunguzi huo. Usiutumie mfano huu kupita kiasi, kwa maana ugonjwa nchini humo ulikuwa umeshapungua wakati huo. Unaonyesha tu kwamba kufungua kwa uangalifu kunawezekana. Jimbo la Ontario nchini Kanada, mwaka huohuo, lilimtambua ndugu anayetoa huduma kuwa mlezi wa lazima, na kila mkazi akaruhusiwa kuwataja hadi wawili. Marekani, katika mwongozo wa tarehe 17 Septemba 2020, ilisisitiza kwamba ruhusa ya huruma, yaani ya ndugu kuingia hata geti likiwa limefungwa, isingojee mzee awe anakata roho, bali imhusu pia anayedhoofika, anayeacha kula au anayelia peke yake baada ya kuzoea watu.

Hapa kwetu unayo pia hoja ya nyumbani, na pengine ndiyo itakayosikilizwa zaidi na Afisa Ustawi wa Jamii akihudhuria: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee. Utaratibu unaoiondoa familia yote kwa muda usiojulikana unakwenda kinyume na msingi huo.

Kabla sijafika kwenye mambo ya kuomba, kuna kosa jingine katika rasimu yenu ambalo limejificha ndani ya neno “janga”. Ugonjwa haujajitokeza, lakini adhabu yake imeshaandikwa. Masharti yatatokana na njia ambayo ugonjwa unapita. Korona na mafua makali hupita hewani, kwa hiyo tunahangaika na barakoa, nafasi na upepo. Kipindupindu, ambacho Dar es Salaam inakijua vizuri tangu zamani na ambacho Agosti 2015 kilianzia Kinondoni na kuenea mikoa mingine, hupita kwenye maji, chakula na kinyesi; wakati huo ndugu anaweza kukaa na mzee wake bila barakoa, ila asilete chakula kilichopikwa nje, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha na baada ya kumsafisha. Marburg, iliyotangazwa mkoani Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, hupita kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa. Ikiingia kwenye makazi, hapo hata mimi nitakuambia usimguse, muonane kwa mbali na uzio katikati, na kazi ya kumhudumia ifanywe na waliovaa mavazi kamili ya kujikinga. Ombeni utaratibu uandikwe kwa kufuata njia ya ugonjwa. Yanayofuata hapa chini nimeyaandika nikifikiria ugonjwa wa hewani, kwa kuwa ndio mliouogopa na ndio uliofunga mageti.

Jambo la kwanza la kuomba ni ndugu wawili kwa kila mzee, mmoja mkuu na mmoja msaidizi, wanaotajwa kwa majina leo, kabla ya janga. Wapewe mafunzo yaleyale wanayopewa wahudumu ya kuvaa na kuvua barakoa, kunawa, na kutambua dalili. Hawaji siku moja wote wawili. Ikiwa kuna chanjo, waingizwe kwenye orodha pamoja na wahudumu; chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021 kipaumbele kilikuwa kwa watumishi wa afya, watu wa miaka 50 na kuendelea na wenye magonjwa sugu, na binti wa miaka 35 anayemlisha baba yake angeachwa nje asipoombewa nafasi. Wanaokuja wasaini daftari lenye tarehe, saa na namba ya simu, ili mtu akiugua baadaye wote aliokutana nao wapatikane siku hiyohiyo. Mwenye kikohozi, mafua, homa au mgonjwa nyumbani kwake haji, hata kama amekwisha lipa nauli, anampigia msaidizi. Sharti hili ndilo gumu kuliko yote kwa sababu linategemea ukweli wa mtu asiyeonekana, na hapa nawaomba ndugu wenyewe: mkidanganya mara moja tu, mtawapa uongozi sababu ya kufunga kwa haki.

Pili, ombeni mahali. Hewa ya wazi ni dawa tuliyopewa bure na jiji hili lenye upepo wa bahari. Viti viwili chini ya mwembe, vikiwa na nafasi ya mita moja na nusu au mbili kati yenu na familia nyingine, ni salama kuliko chumba chochote chenye feni. Ila masika ya Machi hadi Mei hayaangalii ratiba, kwa hiyo pendekezeni banda la bati lisilo na kuta, na ndugu mjitolee kuchangia nguzo na mabati. Ombi linalokuja na mchango hupokelewa kwa uso mwingine. Kwa mzee asiyeweza kutoka kitandani, ndugu aingie peke yake, madirisha yafunguliwe pande zote mbili ili hewa ipite, akae upande wa chumba ambao hautamlazimu kupita kwenye vitanda vya wengine, na asizunguke kusalimia wodi nzima. Najua kwa malezi yetu ni vigumu kupita mbele ya wazee bila kuwaamkia. Waamkie ukiwa mlangoni, kwa sauti, ukiwa na barakoa, wataelewa.

Barakoa ina tatizo lake kwa wazee. Wengi wao masikio yamepungua na walikuwa wanasoma midomo bila wao wenyewe kujua, hivyo sura iliyofunikwa huwa kwao ni sura isiyosema. Usipige kelele, sauti ikipanda huwa nyembamba na humchosha. Kaa upande wa sikio linalosikia, shusha sauti iwe nzito, sema sentensi fupi. Vaa khanga au shati analolikumbuka. Makazi mengine yaliwabandikia wahudumu picha za nyuso zao kifuani, na wazee walitulia. Kumshika mkono kunaruhusiwa, mwanangu, mradi wote wawili mmenawa kwa maji tiririka na sabuni kwa sekunde 20. Mkono ulionawa haumpi mtu korona, na kwa baba aliyepooza mkono huo unaweza kuwa ndio mazungumzo yote ya siku.

Safari yako pia ni sehemu ya usalama wake. Ukitoka Mbagala kupitia mjini utapanda daladala, kisha pantoni ya Magogoni, na pale kwenye eneo la kusubiria watu husongamana kuliko mahali pengine popote utakapopita siku hiyo. Vaa barakoa tangu kituoni, usiivue mpaka umefika. Ndani ya pantoni simama pembeni penye upepo. Ikiwezekana safiri saa ambazo watu ni wachache badala ya asubuhi ya kazi. Ukifika, badilisha barakoa iwe safi. Huna haja ya kubadilisha nguo wala kuvaa glavu, ambazo watu huzivaa na kugusia kila kitu. Wala usikubali kupuliziwa dawa mwilini getini: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba kuwapulizia watu dawa ya kuua vijidudu kunaweza kuwadhuru na hakuzuii mtu aliyeambukizwa kuusambaza ugonjwa.

Na kwa kuwa najua litaibuka, niseme kuhusu nyungu. Kumfunika mzee wa miaka 81 shuka juu ya chungu kinachochemka ni hatari. Ngozi yake ni nyembamba, akiwa na kiharusi upande mmoja hausikii moto, presha yake inaweza kushuka akaanguka juu ya maji hayo. Mtu yeyote akishauri nyungu kama sehemu ya utaratibu wa makazi, kataa kwa heshima na bila kuyumba.

Linalonikera zaidi, na ambalo sijaliona popote katika rasimu uliyonieleza, ni makundi. Sikukuu za Idi na Krismasi, na tarehe 1 Oktoba ambayo ni Siku ya Wazee Duniani, makazi yetu hupokea mabasi ya watu wema wenye fulana zinazofanana, magunia ya mchele, madumu ya mafuta, katoni za sabuni na kamera. Watu 40 huingia kwa saa mbili, humshika kila mzee mkono, hupiga naye picha, na kuondoka. Sidharau sadaka yao, maana makazi mengi yanaihitaji sana. Lakini katika janga la hewani hakuna tukio la hatari kuliko hilo, na kwa desturi ndilo la mwisho kuzuiwa kwa sababu wanaokuja ni wakubwa na wana mizigo. Ombeni liwe la kwanza: misaada ishushwe getini, ipokewe na mtu mmoja kwa maandishi, na shukrani zitolewe kwa simu. Mkuu wa makazi akikuambia hawezi kuwakatalia, mwambie kwamba utaratibu wa maandishi uliopitishwa na kikao ndio utakaomkatalia kwa niaba yake.

Simu itatajwa kama mbadala. Ipokeeni kama nyongeza. Kwa mzee mwenye akili timamu, simu ya video kila jioni saa ileile ni faraja kubwa, na ndugu mnaweza kununua simu moja na bando la pamoja kwa ajili ya wodi. Kwa mwenye dimenshia, uso mdogo kwenye kioo mara nyingi humchanganya. Baadhi huangalia nyuma ya simu wakimtafuta mtu. Kwake sauti peke yake hufaa zaidi, hasa ikiimba au ikisoma kitu anachokijua kwa moyo.

Tena kuna mlango ambao usikubali ufungwe hata kwa saa moja, nao ni wa kufa. Hakuna muuguzi anayejua kwa hakika siku ya mzee kukata roho, kwa hiyo maneno “dakika za mwisho” yasiwemo kwenye utaratibu, yaandikwe “anapodhoofika”. Mtoto aruhusiwe kuingia akiwa amevaa anachovishwa, akae, amtamkishe baba yake shahada au amwite padri kwa mpako wa wagonjwa, kwa kadiri ya dini yake. Kwa Marburg itabidi iwe kwa mbali, na kwa vifaa, lakini iwepo.

Likitokea kwamba makazi yenyewe yana wagonjwa waliothibitika, kubalini kusimamisha matembezi ya kawaida, huku ndugu mteule wa mzee asiyekula au mwenye dimenshia akibaki kwa ruhusa maalumu. Na neno “hadi hapo itakapotangazwa” lifutwe. Badala yake iandikwe kwamba kila baada ya siku 14 kikao kifanyike, ndugu wakiwa na mjumbe ndani yake, na uongozi ueleze kwa nini geti liendelee kufungwa au lifunguliwe. Pasipo kikao, ruhusa irudi yenyewe. Wahudumu nao waombeeni barakoa za kutosha na malipo ya siku watakazobaki nyumbani wakiumwa, kwa sababu mhudumu atakayekatwa mshahara kwa kusema ana kikohozi hatasema. Wakikuona unawatetea hao, kikao hakitakuona adui. Kaka zako waambie hivi: mnataka usalama uleule wanaoutaka wao, tofauti ni kwamba nyinyi mmehesabu pia hatari za kumwacha mzee peke yake. Dalili zikitokea kwa mzee au kwa yeyote kati yenu, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Kuhusu hofu ambayo hukuiuliza waziwazi, kwamba baba naye atakusahau. Anza sasa, usingoje janga. Mwachie mhudumu karatasi moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa: jina analopenda kuitwa, upande wa mdomo usiopooza ambao chakula kipitie, chai anayoipenda na kiasi cha sukari, wimbo anaoujua, lugha anayoirudia akichanganyikiwa na maneno yake matano ya lazima, kama maji, choo, maumivu, baridi na njaa. Karatasi hiyo ingemwokoa bibi wa Newala siku ya kwanza. Na siku yoyote utakayorudi baada ya kuzuiwa, usimuulize “Baba, unanijua mimi ni nani?” Huo ni mtihani, na akishindwa ataona aibu asiyoweza kuieleza. Kaa chini macho yenu yalingane, taja jina lako wewe mwenyewe na jina la mama yako, mpe mkono ulionawa, kisha mnyweshe uji kwa upande ule anaouweza, taratibu, kijiko baada ya kijiko, hata kama siku hiyo hatasema neno.